Chairman wa Josho Lisilo na Maji

Babu yangu alikuwa chairman wa josho la ng'ombe lisilokuwa na maji. Josho lenyewe lilikuwa chini ya shamba lake, kando ya barabara ya kwenda msituni huko juu ya Elburgon: mtaro wa simiti, vikingi viwili vya mti, na ndani yake nyasi, vyura na kiatu kimoja cha mtu asiyejulikana. Watu waliacha kupeleka ng'ombe huko tangu pampu za kubeba mgongoni zilipofika madukani na kila mmoja akaanza kuwanyunyizia wake dawa ya kupe nyumbani. Kamati ikafa polepole. Mmoja alihamia Ol Kalou, wawili wakazeeka, mwingine akaokoka na kusema ameachana na mambo ya vyeo. Lakini hakuna aliyeitisha uchaguzi wa kumwondoa babu, kwa hivyo babu akabaki pale pale. Ukimuuliza alikuwa na jibu.

"Mtu hatoki kwa kiti ati kwa sababu maji yamekauka. Anatoka kwa kura."

Kila mtu alimwita Chairman: mwenye duka, mchungaji, hata Shosho, nyanya yetu, aliyelala naye kitanda kimoja. Sisi wajukuu tulikuwa na utaratibu wetu. Nje ya mkutano alikuwa Guka, yaani babu, ndani ya mkutano alikuwa Chairman, na aliyechanganya alitolewa nje dakika tano, kwenye veranda, pamoja na bata mzinga.

Tulikuwa watatu. Mimi, binamu yangu Njoki aliyenizidi mwaka mmoja wa umri na miaka kumi ya maneno, na mdogo wake Shiku, ambaye wakati ninaouzungumzia alikuwa na miaka mitano na msimamo uliotegemea nani amempa peremende. Kwetu ni Free Area, kwao Kaptembwo, mitaa ya Nakuru, na mjini hatukuonana sana. Mama zetu, ambao ni dada, walitukusanya shule zilipofungwa wakatupeleka kwa wazazi wao, wakatuacha hapo getini, wao wakarudi na viazi vilivyokuwa tayari vimefungwa. Nyumba ilikuwa ya mbao, kama nyumba nyingi za huko, na baridi ilipita kwenye nyufa bila kubisha. Tulilala watatu kitanda kimoja, na kila usiku ulianza kwa mashtaka juu ya miguu ya nani iko wapi.

Mashtaka hayo yalipelekwa kwenye mkutano. Kila kitu kilipelekwa kwenye mkutano.

Mkutano ulikuwa kila jioni, ng'ombe wakishakamwa na kabla ya chakula. Mezani paliwekwa kengele iliyowahi kuvaliwa na ng'ombe fulani mashuhuri, na daftari kubwa la jalada gumu. Mimi nilikuwa Katibu kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Lugha ilikuwa Kiswahili. Kwa kawaida tuliongea Kikuyu, lakini Guka alisema kamati ya josho ilikuwa na watu wa kila kabila, na mkutano ukifanywa kwa lugha ya nyumbani unageuka kuwa porojo. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha bara kabisa. R na L zilikuwa zimebadilishana viti mdomoni mwake siku nyingi na hakuna aliyekuwa na haja ya kuzirudisha.

Aligonga kengele.

"Oda. Ajenda ya kwanza, kondoo. Nani aliwacha kondoo akaingia kwa kabeji?"

Tukanyamaza.

"Katibu, andika: wanachama walinyamaza."

Nikaandika.

Njoki akainua mkono. "Chairman, kondoo aliingia mwenyewe."

"Kwani alifungua geti na nini?"

"Na kichwa."

"Hiyo inaungwa mkono?"

Shiku akaunga mkono. Hapo sauti ikatoka jikoni.

"Hoja ya nidhamu!"

Shosho hakuwahi kuketi kwenye mkutano hata siku moja. Alisema ana kazi. Lakini kutoka jikoni alisikia kila neno, na alikuwa amejifunza neno hilo moja la bungeni kutoka kwa redio, akalitumia kama watu wengine wanavyotumia mwiko.

"Geti ni wewe uliliwacha wazi, ukienda kwa Makamu kuongea maneno ya watu."

"Mwanachama hajapewa nafasi," Guka akasema.

"Na Chairman hajapewa chakula."

Guka akafikiri kidogo. "Mkutano umeahirishwa," akasema, akagonga kengele.

Makamu alikuwa jirani, Mkalenjin mrefu mpole aliyefuga kondoo na kuja kila Jumamosi na kibuyu cha maziwa lala. Katika kamati nzima ni yeye tu aliyekuwa amebaki. Mara moja kwa mwaka wawili hao walivaa makoti, wakashuka hadi kwenye josho, wakakaa ukingoni miguu ikining'inia ndani ya mtaro, na kufanya mkutano mkuu. Mwaka mmoja tuliruhusiwa kuhudhuria. Ajenda ilikuwa vyura. Guka alisema wanaharibu sura ya josho. Makamu akanywa maziwa, akafuta mdomo, akasema, "Lakini Chairman, hao ndio pekee wanahudhuria kila siku." Hoja ikaanguka. Vyura wakabaki.

Guka alikuwa na saa iliyokuwa mbele kwa dakika ishirini, kwa makusudi, ili wakati usimpate akiwa amekaa. Kwa saa hiyo alifika kanisani wakati akina mama bado wanafagia, akakaa mbele, akamtazama kila anayeingia kama mtu aliyechelewa mazishi, halafu mahubiri yalipoanza akalala usingizi mzito kabisa. Alichukia umbea. Alitukataza kabisa kubeba maneno ya watu. Lakini ajenda ya pili ya kila siku iliitwa Usalama wa Eneo, na chini ya Usalama wa Eneo tulijua nani amenunua makochi mapya, binti ya nani amerudi kwao na sanduku, na kwa nini mwalimu wa kwaya na mke wa mchungaji hawaketi benchi moja.

Tulikatazwa pia kuchuma minji mibichi, yaani njegere. Ni ya soko, alisema, isiguswe. Siku moja Shosho alitaka kufua koti la Guka, akageuza mifuko, na maganda yakamwagika sakafuni kama mvua ya mawe. Sote tukamtazama.

"Nilikuwa nakagua," akasema.

Na bata mzinga yule, dume, mali ya Shosho. Alimchukia Guka tu, katika dunia nzima. Akimwona alivimba, akaburuta mabawa chini na kuja. Guka alikuwa akizunguka nyumba nzima kupitia nyuma, kwenye matope, ili asipite veranda. Njoki alimuuliza kama anamwogopa.

"Simwogopi," Guka akasema. "Namheshimu. Yeye pia ana wadhifa wake."

Nisimcheke tu, lakini. Mjini kwetu mtoto aliambiwa anyamaze watu wazima wanaongea. Kwa Guka mtoto alipewa dakika tatu, na katika dakika hizo hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa hata kukohoa. Jioni moja Shiku aliinua mkono, akapewa nafasi, akasimama juu ya kiti. Alikaa kimya karibu dakika nzima. Kisha akasema anataka mama yake.

Njoki akaanza kumnyamazisha. Guka akagonga kengele.

"Mwanachama bado ana dakika mbili."

Shiku akazitumia zote mbili kulia. Guka akangoja hadi akamaliza, akauliza, "Kuna anayeunga mkono?" na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuinua mkono. Kesho yake asubuhi alitupeleka wote watatu kilimani, mahali simu iliposhika, Shiku akaongea na mama yake mpaka simu ikazima. Niliandika: azimio limetekelezwa.

Sasa, kulikuwa na kipindi tulianza kucheka mambo mapya. Guka alilisalimia koti la mvua la Shosho lililokuwa limeanikwa kwenye kamba, akaliuliza kama limelala vizuri. Aliliambia gunia la makaa, "Makamu, mbona unasimama mlangoni kama mgeni? Ingia." Na siku moja alipita veranda moja kwa moja, karibu amkanyage bata mzinga, wala hakugeuka. Bata mwenyewe alishangaa kuliko sisi. Tulidhani Guka ameanza utani uzeeni. Njoki alisema ameshinda hofu.

Agosti hiyo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mvua ilinyesha wiki nzima. Nilichoka. Desturi ya Guka ilikuwa kuchukua daftari mkutano ukiisha, kulisogeza karibu na uso, kupitisha kidole kwenye kila mstari, kutikisa kichwa na kutia sahihi. Jioni hiyo, badala ya kuandika mambo ya uzio, niliandika: "Chairman alikiri kwamba ndiye anayemaliza sukari guru ya Shosho kabatini. Kamati ilimwonya vikali."

Njoki alisoma begani kwangu, akauma shingo ya sweta yake.

Guka akachukua daftari. Kidole kikapita mstari wa kwanza, kikapita wa pili, kikasimama kidogo kwenye nukta, kikaendelea.

"Safi kabisa, Katibu," akasema. "Umeandika vile nilisema."

Akatia sahihi. Sahihi ilianza kwenye karatasi ikaishia kwenye kitambaa cha meza.

Njoki alitoka nje mbio akicheka. Mimi nilianza kucheka nikaacha. Nilikuwa nakitazama kile kitambaa. Kando ya sahihi mpya kulikuwa na nyingine, na nyingine tena, za zamani, zimefuliwa zikafifia lakini hazijatoka.

Nilienda jikoni. Shosho alikuwa anamenya viazi.

"Shosho, Guka haoni."

Hakuinua kichwa. "Funga mlango."

Nikafunga. Njoki alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, akasimama hapo, kicheko kimeisha.

"Anaona mwangaza," Shosho akasema. "Anaona mtu ni mtu. Hajui ni nani mpaka aongee. Ni miaka miwili sasa."

"Na hujasema?"

"Niseme kwa nani? Yeye mwenyewe anajua, na hataki ijulikane." Akatupa kiazi sufuriani. "Nyinyi mnafikiria mimi napenda kuongea hivi? Asubuhi mpaka jioni, ndoo iko hapo, geti iko wazi, wewe mzee utaanguka. Nikinyamaza ataanguka kweli."

Nilikuwa nimemsikia Shosho akigomba hivyo likizo baada ya likizo, akitembea mbele ya Guka huku sauti yake ikiruka kama kuku, na Guka nyuma akinung'unika. Tulimwiga. Njoki alimwiga vizuri hasa.

"Na hospitali?" Njoki akauliza.

"Amekataa. Kuna mtu alimwambia wanatoa jicho, wanaliosha kwa beseni, halafu wanarudisha. Anasema jicho lake si kabureta." Shosho akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye leso yake, kidole kimoja kimoja. "Huo mkutano yenu," akasema. "Mtu wa nje anaweza kukaa?"

Kesho yake jioni Guka alikuwa kwenye ajenda ya pili, makochi ya mtu fulani, mlango wa jikoni ulipofunguka na Shosho akaingia na kigoda chake. Akakiweka kando ya meza, akakaa.

Guka akageuza kichwa. "Nani ameingia?"

"Mwanachama," Shosho akasema.

Guka akanyoosha kola ya shati, kitu ambacho hakuwahi kutufanyia sisi.

Tulipofika mwisho Njoki akasimama. Akaificha mikono nyuma.

"Chairman, napendekeza kamati iamue Guka apelekwe Nakuru kwa daktari wa macho. Wiki hii."

"Hiyo haiko kwa ajenda," Guka akasema.

"Iko kwa mengineyo."

"Mengineyo imefungwa."

"Katibu," Njoki akaniuliza, "imefungwa?"

Nilitamani kuwa mtu mwingine. "Haijafungwa, Chairman. Hata haijafunguliwa."

"Macho ya Chairman si mali ya kamati."

"Wewe ndiye ulisema kila kitu kwa hii boma ni mali ya kamati," Njoki akasema. "Ulisema ukichukua peremende zangu."

Guka alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni zilikuwa zimemshika koo. Akajaribu njia ya mwisho. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa peremende, akaishika wazi upande aliodhani Shiku ameketi.

"Shiku. Unajua ukiunga mkono hii kitu, Guka ataenda mbali?"

Shiku aliketi upande ule mwingine. Aliizunguka meza, akaichukua peremende, akaiweka mdomoni, na akainua mkono. Kisha akainua na ule wa pili. Mpaka siku hiyo peremende ya Guka ilikuwa haijawahi kushindwa.

Guka alikuwa bado amegeukia kiti kitupu. "Ameinua?" akauliza.

Nilikuwa nimedhani najua maana ya kutoona, kwa sababu ya ile sahihi kwenye kitambaa. Lakini ni hapo, alipouliza swali hilo kwa sauti ya kawaida kabisa huku mikono miwili ya mtoto ikiwa hewani mbele yetu sote, ndipo jambo lenyewe liliponifika.

"Ameinua," Shosho akasema. "Yote miwili."

"Wanaopinga?" Guka akauliza, na akainua wake mwenyewe. "Katibu, wangapi?"

"Wanne wanaunga mkono, Chairman: Njoki, Shiku, Shosho na mimi. Mmoja anapinga."

Akakaa. Akaitafuta kengele kwa kiganja, akaikosa, akaipata. Akaigonga polepole.

"Azimio limepita." Kisha akainama kwangu. "Katibu, hii usiandike."

"Sawa."

"Naogopa."

Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Niliilaza.

"Hata mimi," Shosho akasema. "Sasa tukuleni, viazi vinapoa."

Alienda. Alivaa koti la mkutano mkuu, akabeba daftari kwapani kama mtu anayepeleka barua ya serikali. Nilipelekwa pia, kusoma vibao. Kwa mlango wa hospitali ya macho alimwambia nesi, "Sikukuja kwa kupenda. Nimetumwa," akamkabidhi daftari kama ushahidi. Nesi alikuwa msichana mchangamfu. Akafungua, akasoma azimio kwa sauti, akampongeza. Halafu, kwa bahati mbaya yangu, akafungua ukurasa wa nyuma.

"Na hapa wamekuonya juu ya sukari guru, mzee?"

"Nini?"

"Imeandikwa. Eti ulikiri. Na hapa umetia sahihi, karibu yote."

Nilianza kuhesabu vigae vya sakafu. Shosho alikohoa kwa namna iliyokuwa kicheko. Guka akageuza uso wake pole pole, akakosea kidogo, akarekebisha hadi akanielekea sawasawa.

"Katibu," akasema. Ni hilo tu. Nililiogopa kuliko kiboko.

Tuliporudi kutoka kununua chai tulimkuta ameketi katikati ya benchi, ameshawapanga wagonjwa wote kulingana na nani alifika kwanza, na mama mmoja wa Gilgil mwenye kitambaa jichoni alikuwa katibu wake. Walikuwa wamefika kwenye mengineyo.

Walimfanyia upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza. Alipofunguliwa bandeji asubuhi yake, alimtazama daktari, akatazama dirisha, akatazama vidole vyake. Kisha akamtazama Shosho kwa muda mrefu.

"Haiya," akasema. "Kumbe umezeeka hivi, na hamkuniambia?"

"Ngoja ufike kwa kioo," Shosho akasema. Alikuwa ameshika leso mdomoni kwa mikono yote miwili.

Nyumbani, bata mzinga alipovimba tu, Guka alizunguka nyumba kupitia nyuma. Tulifurahi sana kuona hivyo. Furaha yangu haikudumu. Jioni aliketi karibu na taa, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, na kusoma kumbukumbu zote za miaka miwili, jicho ambalo halijatibiwa amelifunika kwa kiganja, lingine likiwaka. Alikuta kwamba Chairman alisinzia katika ajenda ya tatu. Alikuta kwamba Chairman alisema jambo moja mara sita. Alikuta mchoro wake mwenyewe akiwa na pembe. Aliitisha mkutano maalumu, wenye ajenda moja, na nikapewa adhabu ya kuandika daftari zima upya, kwa mwandiko safi, mpaka shule zifunguliwe.

Nilipofika kwenye sukari guru nilimuuliza niandike nini.

"Hiyo wacha," akasema. "Hiyo ni kweli."

Tulikua. Njoki anauza viatu Gilgil na hakuna mteja aliyewahi kumshinda. Shiku ni mwalimu. Makamu alichukuliwa na binti yake, wanaishi Kericho. Na Shosho alituacha Julai ya mwaka juzi, wakati wa baridi kali. Watu walikuja kuunda kamati ya mazishi wakamwomba Guka aongoze. Alikataa. Alisema siku hiyo yeye ni mwanachama wa kawaida, akaketi nyuma karibu na mlango.

Aprili iliyopita wajomba waliitisha mkutano wa familia, kule kule. Mjomba mkubwa aliongoza, simu yake ikiwa mezani kwa sababu mjomba mwingine alikuwa ndani yake, akizungumza kutoka Nairobi. Jambo lilikuwa Guka: anaishi peke yake, baridi ni nyingi, itakuwaje. Guka aliketi pembeni kwenye kiti kifupi, na koti lake.

Waliongea saa nzima. Mmoja alisema apelekwe mjini. Mwingine akasema mzee akitolewa kwa shamba lake hamalizi mwezi. Simu ikasema aajiriwe mtu. Mjomba mkubwa akasema, "Sisi sote tunajua Mzee hapendi town." Wote wakakubali. Mzee anapenda hewa ya huku. Mzee hawezi kelele. Mzee amezoea.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilipogeuka nikamwona Guka ameinua mkono. Sijui alikuwa ameuinua kwa muda gani. Ulikuwa umeanza kutetemeka, na alikuwa ameushikilia kiwiko kwa mkono wa pili ili usishuke.

Nikasimama. "Mjomba, kuna mkono."

"Wa nani?"

"Wa Chairman."

Mjomba akaona haya. "Sema, Baba."

Guka akainuka pole pole, akanyoosha kola. "Nataka kwenda mjini," akasema.

"Amesema nini?" simu ikauliza.

"Lakini Baba, si wewe unapenda huku?" mjomba mkubwa akasema.

"Napenda. Lakini nimechoka kukubaliwa." Akatutazama mmoja mmoja. "Kila mtu akikuja hapa ananikubali. Nikisema viazi ya mwaka huu ni mbaya, ndiyo Guka. Nikisema ni mzuri, ndiyo Guka. Mchungaji akikuja, ndiyo mzee. Nilimwambia ile siku kwamba Musa alikuwa na wake saba, akasema ndiyo mzee. Tangu mama yenu aende, hakuna mtu ameniambia nimekosea. Sasa mimi sijui kama niko sawa."

Hakuna aliyecheka, hata kwa wale wake saba.

"Nitakaa kwa huyu," akasema, akinielekeza kidole.

"Guka, mimi nina vyumba viwili tu."

"Vinatosha."

"Ni ghorofa ya tatu."

"Nitapanda."

"Huwezi kupanda, na goti lako hilo. Utachoka ukifika ya kwanza."

Akawageukia wajomba, uso wake wote umefunguka. "Mnaona?" akasema. "Ameshaanza."

Tuliondoka siku hiyo hiyo alasiri, kwa gari nililoazima kwa rafiki, na sanduku lake moja nyuma. Yeye alitaka dirisha lifunguliwe. Mimi nilitaka lifungwe, nikamwambia kuna vumbi na kuna baridi na ana kifua. Alisema hewa ya bure haimuui mtu. Nikamwambia aliyemwambia hivyo si daktari. Tulibishana kutoka Elburgon hadi Njoro bila kupumzika, na tulipofika Njoro nikaona amenyamaza. Nikageuka. Alikuwa amelala, akikoroma taratibu, kichwa kimeegemea mlango, na dirisha lilikuwa wazi.